Bawa na mzizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majaribio ya upepo na naitreti Dar es Salaam

Ukurasa huu ni wa wanafunzi, walimu na mafundi wa maabara wanaotaka kupima mambo mawili kwa vifaa vya kawaida: nguvu za hewa kwenye bawa, na kasi ya mizizi ya miti kufyonza naitreti. Hesabu zote zimepigwa kwa joto la Dar, maji ya Dar na umeme wa Dar, kwa sababu vipimo vingi vya vitabuni vimefanywa kwenye chumba cha digrii 20 na jijini kwetu chumba cha namna hiyo hakipatikani bila kiyoyozi.

Bawa na mzizi vimekutana wapi hadi vikae ukurasa mmoja?

Vimekutana kwenye utando. Hewa inayogusa uso wa bawa haisogei kabisa, imenata hapo. Ukipanda juu kidogo inaanza kutambaa, ukipanda zaidi inafikia kasi kamili ya upepo. Eneo hilo jembamba kati ya hewa iliyonata na hewa inayokimbia ndilo tunaloliita utando. Mwanafizikia Mjerumani Ludwig Prandtl alilieleza mwaka 1904 huko Heidelberg, na tangu hapo elimu ya mabawa ikabadilika. Kwenye bawa dogo lenye upana wa sm 8, upepo ukiwa mita 12 kwa sekunde, utando mtulivu unafikia unene wa kama mm 1.6 kwenye ukingo wa nyuma. Huo ni unene wa sarafu.

Mzizi uliotumbukizwa majini nao umevaa utando wake, wa maji yasiyosogea. Naitreti hata ikijaa kwenye ndoo, lazima ivuke utando huo polepole ndipo ifike kwenye mzizi. Makosa mengi tunayoulizwa, ya upande wa bawa na ya upande wa mzizi, yanaanzia hapo: mtu amepima upepo wa chumba au maji ya ndoo akadhani ndiyo yanayogusa uso.

Ni kweli kwamba hewa ya juu ya bawa hukimbia ili iwahi kukutana na ya chini?

Si kweli, japo maelezo hayo yamo kwenye madaftari mengi ya sekondari. Hakuna kinachoilazimisha hewa ya juu ikutane na mwenzake. Ukipuliza moshi kwa vipindi utaona hewa ya juu inafika ukingo wa nyuma mapema kuliko ya chini, haingoji. Bawa linanyanyuka kwa sababu linapindisha mkondo mzima wa hewa kuelekea chini, na mkondo ukipindishwa hivyo kanieneo ya mgongoni inashuka na ya tumboni inapanda. Ndiyo maana bawa bapa kama ubao nalo hunyanyuka likiinamishwa, na ndege za maonyesho huruka kichwa chini.

Handaki dogo la upepo linajengwaje?

Jenga la kuvuta, si la kusukuma. Feni ikae mwisho kabisa na ivute hewa kupitia handaki. Ukiiweka mbele inakupa hewa iliyosokotwa na mapanga yake, na kusokotwa huko hakuondoki kirahisi.

Chumba cha kupimia kiwe na mdomo wa sm 20 kwa 20, kuta mbili angalau za perspeksi. Mdomo wa kuingizia hewa uwe sm 53 kwa 53, yaani eneo kubwa mara saba, kisha ubane taratibu ndani ya kama sm 50 hadi ufikie chumba. Fundi seremala yeyote wa Keko ataelewa ukimchorea umbo kwenye plaiwudi, ila msisitize jambo moja: mkunjo uingie kwa ulaini na utoke kwa ulaini, pasiwe na kona pale mbano unapoungana na chumba. Kona ya milimita chache inatosha kuzalisha msukosuko utakaokusumbua mwezi mzima ukidhani ni bawa.

Mbele ya mbano weka sega la mirija ya soda. Mirija ya mm 6 ikatwe vipande vya sm 4 hadi 5, ipangwe kama nyuki wanavyopanga. Kwa mdomo wa sm 53 utahitaji kama vipande 9,000, na mrija mmoja unatoa vipande vinne. Nunua maboksi ya jumla Kariakoo, na usikate kwa mkasi: mkasi unabana mdomo wa mrija. Funga fungu kwa selotepu ukate kwa kisu kikali. Nyuma ya sega weka wavu wa mbu wa dirishani, tabaka mbili zilizoachana kama sm 10, zikazwe zisilegee.

Baada ya chumba, handaki lipanuke polepole kuelekea feni. Hapa watu wengi hufanya ubahili wa nafasi. Kutoka sm 20 hadi feni ya sm 40, kila ukuta ukifunguka digrii 3, unahitaji urefu wa kama mita 1.9. Ukilazimisha mita moja, hewa inabanduka kutani, feni inaanza kuunguruma kwa kupanda na kushuka, na kasi ndani ya chumba inayumba. Jumla utahitaji chumba chenye urefu wa mita 5 hivi, ili mbele na nyuma ya handaki pabaki nafasi ya hewa kuzunguka.

Feni iweze kupitisha si chini ya mita za ujazo 1,730 kwa saa ikiwa na mzigo wa handaki, siyo ikiwa imewekwa wazi. Namba iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni ya feni iliyo wazi, hivyo chagua yenye akiba kubwa.

Je, pangaboi linafaa?

Hapana. Linasokota hewa na halina nguvu ya kuvuta kupitia sega.

Kasi ya upepo naipimaje bila kununua kifaa cha bei?

Tumia mrija wa Pitot na manomita ya maji. Mrija mwembamba wa shaba mdomo ukielekea upepo, tundu la ubavuni la kupima kanieneo tulivu, na mpira wa kupitisha maji unaoonyesha ndani. Kwa hewa ya Dar ya digrii 30, yenye densiti ya karibu kilo 1.15 kwa mita ya ujazo, upepo wa mita 12 kwa sekunde unatoa tofauti ya kanieneo ya paskali 83. Hizo ni milimita 8.4 tu za maji, na jicho haliwezi kuzisoma vizuri. Ulaze mpira huo kwenye ubao wenye mteremko wa moja kwa kumi: zile milimita 8.4 zinakuwa 84 na rula ya shule inatosha. Tone moja la sabuni ya maji hufanya maji yasing'ang'anie ukuta wa mpira.

Angalia umeme. Umeme ukishuka, feni inapungua kasi, na nguvu za hewa zinakwenda na mraba wa kasi: kasi ikipungua asilimia 5, nguvu inapungua karibu asilimia 10. Stebilaiza inasaidia, lakini dawa halisi ni kusoma manomita kila unaposoma mizani. Usiisome mara moja asubuhi ukaiamini hadi jioni.

Mizani ipi inatosha?

Chukua bawa la upana sm 8 na urefu sm 20, upepo mita 12 kwa sekunde. Kipeo cha unyanyuo, yaani namba inayoonyesha umbo la bawa linanyanyua kiasi gani, kikiwa 0.5, bawa linanyanyua kama gramu 67. Mizani ya jikoni ya gramu moja inaweza. Ukinzani, yaani nguvu ya hewa inayolirudisha bawa nyuma, ni habari nyingine: kipeo chake kikiwa 0.03 unazungumzia gramu 4 tu, na kosa la gramu moja hapo ni robo ya jibu lako. Kwa ukinzani tafuta mizani ya sonara inayosoma 0.01.

Bawa likinyanyuka linapunguza uzito juu ya mizani, basi weka kwanza jiwe la nusu kilo, rudisha sifuri, kisha usome hasi. Na ziba vizuri tundu ambamo fimbo ya bawa inapita. Kwenye handaki la kuvuta, kanieneo ya ndani iko chini ya ya chumbani, hivyo tundu lililo wazi linapuliza mkondo mkali wa hewa moja kwa moja kwenye bawa. Njia nzuri ni kufunika mizani na fimbo kwa boksi lisilopitisha hewa.

Vitabu vinasema bawa la NACA 0012 (umbo maarufu la majaribio, mgongo na tumbo sawa) linafika mwinamo wa digrii 15 kabla ya kupoteza unyanyuo. Langu limeishia digrii 8 au 9. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea popote. Hilo ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ni namba ya Reynolds: kasi mara upana wa bawa, gawanya kwa mnato wa hewa. Kwa bawa lako ni 12 mara 0.08, gawanya kwa 0.000016, unapata 60,000. Ndege ndogo ya abiria inaruka kwenye milioni kadhaa. Namba ikiwa ndogo, utando wa hewa unakuwa mtulivu mno, na utando mtulivu hauna nguvu ya kupanda mlima wa kanieneo ulio nyuma ya mgongo wa bawa. Unabanduka mapema. Wakati mwingine unarudi kunata baadaye, ukiacha chini yake kiputo cha hewa iliyozubaa.

Kuthibitisha, paka mgongo wa bawa rangi nyeusi, kisha upake mafuta ya taa yaliyochanganywa na unga wa chokaa. Washa feni. Pale mafuta yanapokimbilia nyuma yakaacha mistari, hewa imenata. Pale yanapokusanyika mstari mmoja wa kukingama, hewa imebanduka. Yakirudi nyuma kuelekea mbele, umeona hewa ikienda kinyume kwa macho yako. Zima feni kabla ya kuwasha chochote chenye moto, mafuta ya taa ni mafuta ya taa.

Kisha fanya jaribio hili, ambalo pekee linalipa gharama ya handaki. Gundisha uzi wa kushonea wa kama nusu milimita kukingama mgongo wa bawa, asilimia 15 ya upana kutoka ukingo wa mbele, yaani mm 12. Utando mahali hapo una unene wa kama mm 0.6, hivyo uzi unausumbua kwelikweli. Hewa inaanza kusukasuka, inachota nguvu kutoka juu, inanata zaidi. Mara nyingi ukinzani unashuka na bawa linavumilia pembe kubwa zaidi. Uzi mwembamba mno haufanyi kitu, mnene mno unaongeza ukinzani wake wenyewe. Jaribu wa aina tatu.

Kabla ya hapo hakikisha bawa ni laini. Msasa namba 400, halafu 800. Mchirizi wa gundi ukingoni mbele unaweza kufanya kazi ya uzi bila wewe kujua.

Orville Wright na kaka yake Wilbur, waundaji wa ndege, walipima maumbo kama 200 ya mabawa mwaka 1901 huko Dayton, Ohio, kwenye boksi la mbao lenye feni, kwa sababu majedwali waliyoyategemea hayakulingana na walichokiona hewani. Bawa lako nalo lisome kwa jedwali la namba ya Reynolds yake.

Joto la hapa linabadilisha nini?

Densiti. Hewa ya kawaida ya vitabuni ni kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, digrii 15. Ya Dar mchana wa Februari ni karibu 1.15, na unyevunyevu wake ni sehemu ya upungufu huo, kwani mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu. Kwa kasi ileile unakosa kama asilimia 6 ya unyanyuo. Dodoma, iliyoko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, densiti mchana inashuka hadi kama 1.03, na ndege inalazimika kukimbia karibu asilimia 9 zaidi kuliko kwenye hewa ya kitabu ili ipae. Mwanafunzi anayetumia 1.225 Dar anapata vipeo vidogo kuliko ukweli kisha anailaumu mizani.

Tukienda kwenye mizizi: naitreti inaingiaje?

Haiingii yenyewe. Naitreti ina chaji hasi na ndani ya seli kuna umeme hasi, hivyo mzizi unalipa nguvu ili kuivuta. Protini za kwenye kiwambo cha seli huingiza naitreti moja pamoja na protoni, kwa kawaida mbili. Ndiyo maana maji yanayozunguka mzizi unaokula naitreti hupanda pH, na ya mzizi unaokula amoniamu hushuka. Kipimo cha pH peke yake kinakuambia mti umechagua nini.

Kuna mifumo miwili. Mmoja una uchu: unafanya kazi naitreti ikiwa chache, chini ya kama milimola 0.5 (milimola ni elfu moja ya moli kwa lita, maikromola ni milioni moja ya moli kwa lita), na unajaa kama daladala ya asubuhi. Ukiongeza naitreti zaidi haupandi tena. Mwingine unaanza kuonekana naitreti ikiwa nyingi, na unapanda kwa mstari. Emanuel Epstein na mwenzake ndio walioonyesha mwaka 1952, kwa mizizi ya shayiri, kwamba ufyonzaji wa ioni unaweza kuelezwa kwa hesabu zilezile za vimeng'enya. Mfumo wenye uchu una tabia moja inayowatesa wapimaji: hauamki hadi uonjeshwe naitreti. Mche uliokaa bila naitreti ukapimwa papo hapo utaonekana mvivu.

Nitumie mti gani?

Kwa anayeanza, mkungu. Mbegu zake zimejaa chini ya miti mitaani, zinaota vizuri, na mche una mizizi mizuri ya kushika. Mwarobaini nao ni mzuri ila mbegu zake hazitunziki, zipande wiki ileile ulizookota.

Mvinje wa ufukweni uepuke mpaka ujue unachofanya: mizizi yake hushirikiana na bakteria wa Frankia wanaogeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mti, na hapo hesabu yako inachafuka. Misonobari na jamaa zake wengi hupendelea amoniamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kwenye jarida la Nature ulionyesha hivyo waziwazi kwa msprusi mweupe wa Kanada. Kwa hiyo mche wa msonobari ukikupa namba ndogo usidhani umekufa. Mikoko ya Kunduchi au Msimbazi inakaa kwenye tope lisilo na hewa, ambako bakteria huigeuza naitreti kuwa gesi kabla mzizi haujaiona. Humo chakula kikuu ni amoniamu.

Miche inaandaliwaje?

Oteshea mchanga wa mto uliooshwa hadi maji yatoke meupe. Miche ya kwenye viroba vya kandokando ya barabara imejaa mbolea na udongo mwekundu unaong'ang'ania, na kuisafisha kunakatakata mizizi midogo, ambayo ndiyo unayoitaka. Mzizi uliokatika huvujisha naitreti badala ya kuifyonza.

Ikifika wiki 6 hadi 8, loweka mchanga nusu saa, toa mche kwa kuuelea majini, usiuvute. Uweke kwenye ndoo ya maji ya virutubisho hafifu yanayopulizwa hewa kwa pampu ya samaki wa mapambo, siku 7 hadi 10, ili mizizi ipone. Maji ya digrii 30 yanabeba kama miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita, wakati ya digrii 20 yanabeba 9, hivyo pampu si anasa. Funika ndoo kwa karatasi ya aluminiamu. Mwanga ukiingia, mwani unaota, na mwani unakula naitreti vizuri kuliko mti wako. Siku tatu za mwisho toa naitreti, kisha saa 24 kabla ya jaribio rudisha maikromola 200 ili mfumo uamke.

Maji gani?

Si ya kisima. Visima vifupi vya mjini vilivyo karibu na vyoo vya shimo mara nyingi vina naitreti tayari, na vingi vya pwani vina chumvi. Maji ya bomba yana klorini na hubadilika siku hadi siku. Tumia maji yaliyotoneshwa. Ukinunua ya betri, pima kwanza kwa karatasi ya pH: madukani kuna chupa ya maji matupu na chupa ya asidi, na zote watu huziita maji ya betri.

Jaribio lenyewe linakwendaje?

Tengeneza maji mama ya potasiamu naitreti: gramu 10.11 ndani ya lita moja, hiyo ni milimola 100. Mililita 2 za maji mama kwa lita zinakupa maikromola 200. Ongeza gramu 0.086 za jasi safi kwa kila lita, kwa sababu bila kalsiamu viwambo vya seli vinavuja. Rekebisha pH iwe kati ya 5.5 na 6.

Pima mililita 500 kwenye chombo kilichofunikwa, weka mche mmoja, washa pampu. Chukua mililita moja kila baada ya dakika 20 kwa saa mbili. Fanya kazi hii kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwani mizizi inategemea sukari kutoka kwenye majani na usiku hupunguza kasi. Weka na vyombo viwili visivyo na mche. Miche iwe sita au zaidi kwa kila hali. Miche ya miti hutofautiana sana hata ikitoka mti mmoja.

Mwisho kata mizizi iliyo chini ya mm 2, ikaushe kwa karatasi ya chooni kwa namna ileile kila mara, upime uzito.

Mfano. Naitreti imeshuka kutoka maikromola 200 hadi 180 kwa saa moja, mizizi gramu 4. Ndani ya nusu lita upungufu huo ni maikromoli 10. Gawanya kwa 4, unapata 2.5 kwa gramu kwa saa. Umemaliza? Bado. Mche nao umekunywa maji. Tuseme yamepungua mililita 10. Mwanzo kulikuwa na maikromoli 100, mwisho ni 180 mara lita 0.49, yaani 88.2. Kilichofyonzwa ni 11.8, na jibu ni karibu 3. Mililita 10, ambazo hata jicho halizioni ndoo ikiwa pana, zimekudanganya kwa karibu asilimia 20 ya hesabu ya kwanza. Pima uzito wa chombo kabla na baada.

Nasomaje naitreti ndani ya sampuli?

Vijiti vya kuchovya vya kupimia maji ya samaki havifai hapa: maikromola 200 ni miligramu 12.4 za naitreti kwa lita, na kijiti kinaruka kutoka 10 hadi 25. Njia rahisi ni spektrofotomita kwa nanomita 220, kisha usome tena 275 na utoe mara mbili ya somo hilo la pili, kwa sababu mizizi hutoa vitu vya kikaboni vinavyofyonza mwanga palepale. Kikombe lazima kiwe cha kwatzi. Kioo cha kawaida na plastiki hazipitishi mwanga huo, na mashine itakuonyesha namba moja kwa kila sampuli. Tengeneza ngazi ya 0, 25, 50, 100, 150 na 200 kila siku ya kupima.

Angalia pia lugha ya namba. Maabara nyingine hutoa jibu kama naitreti, nyingine kama naitrojeni iliyomo ndani yake. Tofauti ni mara 4.43.

Kwangu naitreti inaongezeka badala ya kupungua!

Sababu ya kwanza ni ile ya maji kunywewa. Ya pili ni mchanga wenye mbolea uliobaki mizizini. Ya tatu, mizizi iliyojeruhiwa. Ya nne, ambayo husahaulika: mzizi hupokea na kurudisha naitreti kwa wakati mmoja, na njia hii inaona tofauti tu. Mche ulioshiba unaweza kuonyesha sifuri huku ndani kuna shughuli nyingi.

Kuna haja gani ya kukoroga, pampu ikiwepo?

Turudi kwenye utando. Mzizi wa kipenyo cha nusu milimita una uso wa kama sentimita za mraba 80 kwa gramu. Ukifyonza maikromoli 2.5 kwa gramu kwa saa kupitia utando wa maji wa maikroni 200, naitreti kwenye uso wa mzizi inakuwa pungufu kwa maikromola 9 kuliko ya ndoo. Ndoo ikiwa na 200, tofauti hiyo si kitu. Lakini ukipima mfumo wenye uchu kwenye maikromola 20, mzizi unaonja 11 wakati wewe umeandika 20. Ukikoroga utando ukawa maikroni 50, pengo linabaki 2 na ushee. Wanaopata mzizi "usio na uchu" kwenye naitreti chache mara nyingi wamepima utando wa maji, si mzizi. Mapovu yapite katikati ya mizizi, si pembeni ya chombo.

Naitrojeni-15 inahitaji kibali cha mionzi?

Haihitaji, si ya mionzi. Kwa asili ni asilimia 0.37 tu ya naitrojeni yote, ndiyo maana ukiongeza kidogo inaonekana. Suuza mizizi dakika chache kwenye maji ya jasi, kausha kwa digrii 65, saga, upeleke penye spektromita ya masi. Naitrojeni-13 ndiyo ya mionzi, na nusu ya maisha yake ni dakika 10: bila mashine ya kuitengeneza jirani, itakuwa imekwisha ukiwa bado kwenye foleni ya Ubungo.

Mambo haya yanamsaidia nini mwenye kupanda miti uwanjani, awe na mbolea ya CAN au urea?

CAN ina naitrojeni kama asilimia 26, nusu naitreti, nusu amoniamu. Urea ina 46 lakini haina naitreti. Bakteria wa udongo ndio wanaoigeuza. Mchanga wa Dar haushiki naitreti, hivyo CAN ikimwagwa kabla ya mvua kubwa ya masika inazama chini kufuata maji ya kisima. Toa kidogo kidogo, kijiko cha chai, sm 15 hadi 20 kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu.

Udongo uliokauka muda mrefu ukipata mvua ya kwanza hutoa naitreti nyingi ghafla, jambo lililochunguzwa na mtafiti wa udongo Birch huko Muguga, Kenya, na linaloitwa kwa jina lake hadi leo. Ukiweka mbolea wiki ileile ya mvua za kwanza unaongeza mahali palipojaa.

Kibali kinahitajika?

Ukienda kuchukua miche ya mikoko, ndiyo, anza na Wakala wa Huduma za Misitu, kwani mikoko ni hifadhi. Kurusha ndege isiyo na rubani nje ya handaki kunasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kemikali zinasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Nunua kupitia chuo au shule iliyosajiliwa.

Maji ya jaribio nimwage wapi?

Mwagilia miche iliyobaki. Yana naitrojeni chini ya miligramu 3 kwa lita, ni chakula chepesi. Ila yakiwa yamechanganywa na kadimiamu ya njia ya zamani ya kupimia naitreti, yasiguse udongo wala sinki: yaweke kwenye chupa yenye lebo hadi yachukuliwe na wanaohusika na taka za maabara.